Umetubebea Nini Kutoka Japani? Hilo Swali Lina Miaka Mia Tatu

Ukitaka kujua una marafiki wangapi, tangaza kwamba unaenda Japani. Viza haijatoka na inboksi imeshajaa. "Usinisahau." "Niletee kitu kidogo tu." "Mimi navaa 42." Ukirudi, kabla hujafungua hata zipu ya sanduku, swali linabadilika neno moja tu: "Umetubebea nini?"

Tangu nirudi, hilo ndilo jambo mnaloniuliza sana hapa. Hamtaki kujua sana kuhusu sushi wala treni ya kasi. Mnataka kujua mtu akienda Japani anunue nini cha kuleta nyumbani. Ningeweza kuwapa orodha ya vitu kumi tumalizane, lakini orodha ziko kila kona ya mtandao na nyingi zinaruka swali la maana: kwani zawadi ya safari ni ya nini? Wajapani wamelijibu hilo kwa karne kadhaa, na jibu lao lilinishangaza kwa sababu linafanana sana na la shosho yangu.

Wana neno lake kabisa: omiyage. Ukiliandika kwa herufi zao, linasomeka kama "zao la ardhi", yaani kitu kilichotoka mahali fulani. Halimaanishi kumbukumbu unayojinunulia ukaiweka kwenye rafu. Omiyage ni ya wale uliowaacha nyumbani. Ukienda Osaka wikendi moja tu, Jumatatu unatarajiwa kufika kazini na boksi la peremende za Osaka, na kila mtu ofisini apate moja. Usipoleta hakuna atakayekugombeza. Watanyamaza tu, na wewe mwenyewe utajua.

Chama cha kwenda Ise

Turudi nyuma hadi kipindi cha Edo, kati ya 1603 na 1868, wakati Japani ilikuwa chini ya mashoguni wa ukoo wa Tokugawa. Mkulima wa kawaida hakuruhusiwa kuzurura. Barabara kuu zilikuwa na vizuizi vya ukaguzi, na bila karatasi ya ruhusa hupiti. Lakini kulikuwa na sababu moja ya safari ambayo wakubwa walishindwa kuikataa: kuhiji. Na hija iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kwenda Ise, kwenye hekalu la Amaterasu, mungu wa kike wa jua, katika mkoa ambao leo unaitwa Mie.

Shida ilikuwa doo. Kutoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ulitembea kwa miguu kama wiki mbili kufika Ise, na nyingine kama hizo kurudi. Utalala wapi? Utakula nini? Nani atalima shamba lako? Familia moja ya wakulima haingeweza kubeba huo mzigo peke yake. Basi wanakijiji wakafanya kitu ambacho mama yeyote wa Kenya angekielewa bila kufafanuliwa: wakaunda chama. Kiliitwa Ise-kō. Kila mwanachama alichanga kidogo kidogo, kisha wakapiga kura ya bahati kuona ni nani atakayeenda. Aliyeangukiwa alienda kwa niaba ya wote, akawaombea wote, na mara nyingine ikawa zamu ya wengine.

Siku ya kuondoka, jamaa na majirani walimwongezea pesa za njiani. Hizo zinaitwa senbetsu, na hadi leo Wajapani wengine bado wanazitoa mtu akisafiri mbali au akihama. Siku ya kurudi, watu walitoka kwenda kumlaki mpakani mwa kijiji kwa chakula na pombe.

Sasa jiweke kwenye viatu vyake. Umetembea mwezi mzima kwa pesa za kijiji. Umeona bahari, umeona mahekalu, umekula vitu ambavyo baba yako hakuwahi kuonja. Waliokulipia walibaki nyuma wakipalilia mchele. Unaanzaje kurudi mikono mitupu? Waswahili wanasema mkono mtupu haulambwi, na ningeapa huo msemo ungeeleweka vizuri sana kwenye mpaka wa kijiji chochote cha Japani mwaka wa 1750.

Kwa hivyo omiyage ilikua kama risiti. Ilisema: kweli nilifika, kweli niliwakumbuka, hii hapa sehemu yenu ya safari mliyoilipia.

Na usidhani hii ilikuwa safari ya wachache. Kulikuwa na miaka ambayo nchi nzima ilishikwa na homa ya Ise. Mwaka wa 1705, inakadiriwa watu zaidi ya milioni 3 walifika huko ndani ya miezi miwili hivi. Mwaka wa 1830 wakakadiriwa kuzidi milioni 4, wakati nchi yote ilikuwa na watu kama milioni 30. Watoto walitoroka wazazi, vijakazi wakatoroka waajiri, wote wakashika njia. Wakirudi na hirizi ya Ise mkononi, ilikuwa vigumu kuwaadhibu. Zawadi ikawa pia kinga!

Walibeba nini?

Hapa ndipo historia inakupa ushauri wa bure. Mtu anayetembea wiki mbili hanunui kitu kizito. Zawadi za Ise zilikuwa nyepesi, bapa na za kufaa. Kwanza hirizi za karatasi za hekalu, kwa kila nyumba ya chama. Pili kalenda ya Ise, ambayo mkulima aliitazama kujua majira. Tatu vidonge vya dawa ya tumbo vilivyoitwa mankintan, ambavyo viliuzwa kando ya njia ya hija. Nne vifuko vya tumbaku vilivyotengenezwa kwa karatasi iliyokazwa hadi ikafanana na ngozi.

Angalia hiyo orodha vizuri. Hakuna pambo la kukaa bure kwenye kabati. Kila kitu kina kazi: kulinda nyumba, kupanga shamba, kutuliza tumbo, kuhifadhi tumbaku ya mzee.

Waliotembelea Edo nao walirudi na picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, zile tunazoziita ukiyo-e. Leo ziko kwenye makumbusho, watu wanaziangalia wakinong'ona. Wakati huo moja ilikuwa na bei ya kama bakuli moja au mawili ya tambi, na unaikunja unaitia kwenye furushi. Zilikuwa posta za enzi zile. Hiroshige alipotoa mfululizo wake wa vituo 53 vya barabara ya Tōkaidō, miaka ya 1833 na 1834, watu walinunua kuona njia waliyopita au ile waliyotamani kupita.

Hiyo Tōkaidō yenyewe ilikuwa na takriban kilomita 500 kutoka Edo hadi Kyoto, na karibu kila kituo kilijitafutia kitu cha kujivunia. Wanakiita meibutsu, yaani kitu chenye jina. Mariko walikuwa na mchuzi wa viazi vikuu vilivyokunwa. Kuwana walikuwa na kombe za kuchoma. Ōtsu walikuwa na picha za kuchekesha za majitu na watawa. Ni kama ukipita barabara ya Nakuru unajua pale kuna viazi, pale mbele kuna karoti, pale kuna ngozi za kondoo, na abiria wa matatu wanajua dereva asimame wapi.

Lakini chakula hicho kililiwa palepale. Ise kuna duka maarufu la mochi, ile keki laini ya mchele unaonata, linaloitwa Akafuku, ambalo linasema lilianza mwaka wa 1707. Mochi yake imepakwa maharagwe matamu kwa mistari inayofuata mawimbi ya mto Isuzu. Inaharibika ndani ya siku mbili au tatu. Mhujaji wa kwenda Edo angeibeba ingefika ikiwa jiwe lenye ukungu.

Kisha treni ikaja

Mwaka wa 1872 Japani ilifungua reli yake ya kwanza, kati ya Shimbashi na Yokohama. Mwaka wa 1889 reli ya Tōkaidō ikakamilika hadi Kobe. Safari iliyokula wiki mbili ikawa ya siku moja hivi. Ghafla peremende za mbali zingeweza kufika nyumbani zikiwa bado na ladha.

Hapo ndipo sura ya omiyage ilipobadilika, kutoka hirizi na dawa hadi maboksi ya vitamutamu. Wauzaji wakahamia stesheni. Kyoto ikajulikana kwa yatsuhashi, biskuti za mdalasini. Okayama ikajulikana kwa kibi dango, vidonge vitamu vinavyohusishwa na Momotarō, yule mvulana wa hadithi aliyezaliwa ndani ya pichi na kwenda kupigana na mazimwi. Reli ilipogeuza kila mji kuwa stesheni, kila stesheni ilitafuta utamu wake.

Na usifikiri vitu hivi vyote ni vya kale. Shiroi Koibito, biskuti za Hokkaido ambazo kila mtalii anabeba, zilianza 1976. Tokyo Banana ilianza 1991, na Tokyo hakuna mashamba ya ndizi. Desturi ni ya zamani. Bidhaa nyingine zina umri wa kaka yako mkubwa. KitKat za ladha za mikoa ni za juzi kabisa. Zilipata umaarufu wa zawadi kwa sababu jina lake linakaribiana na kitto katsu, "hakika utashinda", kwa hivyo wazazi wakaanza kuwapa watoto wanaoenda kufanya mtihani.

Kitu kimoja hakikubadilika: fungua maboksi mengi ya stesheni utaona kila kipande kimefungwa peke yake. Boksi limetengenezwa likiwa na hesabu ya watu akilini. Ni lile lile la Ise-kō, kila mwanachama apate fungu lake.

Sasa tuongee sisi kwa sisi

Nina binamu aliyepata udhamini wa kusoma ng'ambo miaka kadhaa iliyopita. Masomo yalilipiwa, lakini mambo mengine hayakuwa yamelipiwa. Tukafanya harambee uani kwa mjomba. Kuna aliyetoa 5,000. Kuna shosho wa jirani aliyefungua fundo la leso akatoa 200, na nikajua hiyo 200 ilikuwa ya sukari.

Binamu alirudi likizo ya kwanza akiwa na sanduku moja. Ndugu zake wa damu walipata viatu na simu. Shosho wa jirani hakupata kitu. Hakulalamika. Alisema tu, "Ni sawa, masomo ni magumu." Ila mwaka uliofuata, harambee ya kijana mwingine ilipopigwa, hakuja.

Nimefikiria hiyo hadithi sana. Ni rahisi kusema watu wa nyumbani ni wakora, wanaomba omba, hawajui bei ya mzigo uliozidi kilo. Na ni kweli, wengine wanazidi. Yule anayetuma saizi ya kiatu na hakuchanga hata shilingi, huyo hana haki. Kusema la kwa huyo si dhambi. Lakini tukiwaweka wote kwenye kapu moja la "watu wanapenda vya bure", tunamsahau shosho wa 200. Yeye hakuwa anaomba zawadi. Alikuwa anasubiri risiti.

Wajapani walielewa kwamba risiti haina haja ya kuwa ghali. Karatasi moja ya hekalu ilitosha, bora ifike kila nyumba iliyochanga. Kosa letu, naona, ni kununua kitu kikubwa kwa wachache tunaowapenda na kuwaruka wengi waliotubeba. Ingekuwa mimi, ningefanya kinyume: kidogo, kwa wengi, kwa jina.

Kitu kimoja usibebe

Kabla ya ushauri, onyo. Kwenye maduka ya vitu vya kale utaona netsuke, sanamu ndogondogo nzuri ajabu. Kimono haina mifuko, kwa hivyo wanaume walining'iniza vifuko vyao kwenye mshipi, na netsuke ndiyo iliyozuia kamba isiteleze. Suruali zenye mifuko zilipoingia, netsuke zikakosa kazi, na wageni wakazibeba kwa wingi kama kumbukumbu.

Nyingi zimechongwa kwa pembe za ndovu. Hata mihuri ya jina, hanko, ilitengenezwa hivyo, na katika karne ya 20 Japani ilikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa pembe duniani. Ndovu wetu walilipa. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka wa 1989, na tani 105 mwaka wa 2016, ili kuonyesha dunia kwamba pembe ni ya ndovu pekee. Ndani ya Japani biashara hiyo haikufungwa kabisa, kwa hivyo unaweza kukiona kitu kinauzwa wazi kabisa dukani. Lakini kukitoa nje ni marufuku, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haichezi na mtu. Manze, usirudishe ndovu nyumbani akiwa kwenye mfuko wa suruali. Kuna netsuke za mbao. Ni nzuri pia.

Basi ubebe nini?

Kama nyumbani kuna mama au shosho anayependa leso, nenda moja kwa moja kwenye vitambaa. Kuna furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia mizigo, ambacho jina lake linatokana na bafu za umma, watu walipofunga nguo zao humo. Kuna tenugui, kitambaa chembamba cha pamba chenye michoro, kama sentimita 35 kwa 90. Ni vyepesi, havivunjiki, na ishirini vinaingia mahali pa kiatu kimoja.

Na hapa kuna uhusiano ambao wengi hawaujui. Katikati ya karne ya 20, leso nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapwa Japani, zikaja kwa meli hadi Mombasa zikiwa na maneno ya Kiswahili juu yake. Ukimpelekea shosho kitambaa cha Japani, huenda humpelekei kitu kigeni hata kidogo.

Wangari Maathai pia aliipenda furoshiki. Alipotembelea Japani mwaka wa 2005 alijifunza neno mottainai, ambalo Wajapani husema kitu kizuri kinapopotezwa bure, akalibeba hadi Umoja wa Mataifa kama wito wa mazingira. Kwa hivyo zawadi maarufu zaidi ambayo Mkenya amewahi kutoa Japani ilikuwa neno. Haikulipiwa kilo hata moja.

Kwa mdogo wako anayengoja KCSE, mpe KitKat na umweleze maana. Au mpe daruma, mwanasesere mwekundu wa duara asiye na macho, ambaye wengi hutengenezwa mji wa Takasaki. Unachora jicho moja ukiweka nia, la pili nia ikitimia. Atamwangalia mwaka mzima akiwa na jicho moja. Hiyo ni motisha kuliko hotuba ya mjomba.

Hirizi za mahekalu, omamori, ni ndogo na bei yake ni yeni mia kadhaa hadi elfu moja hivi, na yeni siku hizi haiko mbali sana na shilingi yetu. Lakini ni kitu cha ibada. Kama mama yako ni wa kanisa sana, usimtie kwenye mtihani, mletee kitambaa.

Chakula, soma tarehe kabla ya kulipa. Mochi mbichi haitamaliza safari ya kubadilisha ndege. Biskuti kavu na chai ya kijani zinafika salama. Chagua maboksi yenye vipande vilivyofungwa kimoja kimoja, kisha andika orodha ya majina kabla hujaingia dukani. Anza na waliochanga, waliokuombea, aliyekulindia nyumba, aliyekukopesha sanduku. Marafiki wa saizi 42 waje mwisho, kama nafasi itabaki.

Magineti ya friji? Sina ugomvi nayo. Ila jiulize kama huyo unayempelekea ana friji.

Na ukimpa mtu kitu chake, usimrushie tu ukakimbilia kwingine. Kaa chini umwambie kilitoka mji gani, ulikinunua siku gani, na kwa nini ulimfikiria yeye. Mhujaji wa Ise alikuwa anangojewa na kijiji kizima kwa sababu hiyo. Hirizi iliisha kwa dakika moja. Hadithi za njiani ndizo zilizowafanya wachange tena mwaka uliofuata.